Je, Yafaa Kutunga Hadithi juu ya Watu Waliokufa Vitani?



Hivi karibuni mwalimu wa mtaa mmoja alitujia na neno lililomsumbua. Katika mtaa wake yuko binti aliyekwisha kupata kipaimara, apendaye sana kusoma. Siku moja mzee wa kanisa alimkuta ameketi kivulini na kitabu kinene mikononi, machozi yanamtoka. Alipouliza habari zake, akaambiwa ni riwaya ya mapenzi na vita. Mzee akakichukua kitabu kile, akasema, "Huu ni uongo uliopigwa chapa. Habari za vita tulizisikia kwa wazee wetu, nao hawakututajia wachumba." Binti akajibu kwa adabu, "Shikamoo, babu. Kama ni uongo, mbona nimelia?" Mwalimu hakujua amsaidie nani katika wawili hao, maana mzee ni mtu wa haki, na binti naye hana utovu wa adabu.

Sisi nasi hatukuwa na jibu siku ile. Tulimwomba atupe muda tufikiri, na haya ndiyo tuliyoyafikiri. Twayaandika hapa kwa sababu twajua ya kuwa swali hili halipo katika mtaa ule peke yake.

Kwanza tueleze vitabu vyenyewe, maana wako wasomaji wasiovizoea. Riwaya ni hadithi ndefu iliyotungwa, yenye watu wengi na mambo mengi. Tena ziko riwaya ambazo mtunzi wake huchukua vita vilivyopiganwa kweli, vyenye mwaka wake na mahali pake, akawatia ndani yake watu aliowabuni yeye. Mara nyingi husokota kamba tatu pamoja. Kamba ya kwanza ni mapenzi: mwanamume na mwanamke wapendana, na vita vyawatenga. Ya pili ni vita vyenyewe, pamoja na safari, njaa na mauti. Ya tatu ni fumbo: mtu amepotea, au barua imefichwa, na msomaji hawezi kuzima taa mpaka ajue mwisho wake. Katika Ulaya desturi hii ilipata nguvu sana tangu Walter Scott wa Scotland alipotoa kitabu chake Waverley mwaka 1814, kilichosimulia maasi yaliyotukia nchini mwake mwaka 1745. Tangu hapo vitabu vya namna hii havikukoma, na siku hizi hata sisi twavitunga.

Mzee wetu asema ni uongo. Na tulipime neno hili. Si kila neno lisilotukia ni uongo. Uongo ni kusema jambo lisilo kweli ili mwenzako aliamini kuwa ni kweli, naye akabaki katika kuamini hivyo. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi na habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Maskini yule hakuwako, wala kondoo hakuwako. Lakini Daudi alimkasirikia tajiri, na kwa hasira ile akaiona dhambi yake mwenyewe, ambayo ilikuwako. Nathani hakumwacha mfalme adhani ya kuwa yuko tajiri mahali fulani wa kukamatwa; alimfunulia palepale maana ya maneno yake. Basi hadithi iliyobuniwa yaweza kuibeba kweli, na binti yule hakukosa kwa kulia. Hata Daudi alisumbuka moyo kwa ajili ya kondoo wa maneno.

Lakini hapo swali halijaisha. Kondoo wa Nathani hakuwa na watoto wala wajukuu wa kuja kusema, "Sivyo ilivyokuwa." Vita vina wenyewe. Atungaye hadithi juu ya vita vya kweli aingia katika nyumba ya watu, tena nyumba yenye msiba. Katika Katekisimu Ndogo twajifunza Amri ya Nane, itukatazayo kumshuhudia jirani uongo. Twazoea kufikiri ya kuwa jirani huyo ni mtu aliye hai, awezaye kwenda barazani akajitetea. Na yule aliyekufa je? Naye ni jirani, tena asiye na kinywa. Waswahili husema, asiyekuwapo na lake halipo. Mithali hiyo yaeleza desturi ya dunia, lakini kwa Mkristo si ruhusa.

Hapa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe, maana hatuwezi kuwahukumu watunzi na sisi tujifiche.

Baba wa babu yetu alichukuliwa mwaka 1917 kubeba mizigo ya vita. Aliondoka asubuhi, babu yetu akiwa mtoto wa mgongoni, wala hakurudi. Katika ukoo wetu wengine walisema alizama katika mto Kilombero. Wengine walisema alionekana akiwa hai kusini ya Ruvuma. Wengine hawakusema neno. Babu alipofariki, sisi tulikuwa tumetoka chuo cha uchungaji karibuni, nasi tulikuwa na bidii kubwa ya kusema vizuri mbele ya watu. Tukapewa nafasi ya kueleza maisha ya marehemu. Tulipofika kwa baba yake, tukaona ya kuwa "hakurudi" ni neno dogo mno kwa mkutano mkubwa vile. Basi tukalinenepesha. Tukasema alizama Kilombero mzigo ukiwa kichwani, na ya kuwa wenzake walimsikia akiimba wimbo wa kanisa mpaka maji yakamfunika. Watu wakalia sana. Nasi, tusifiche, tulifurahi moyoni kwa ajili ya kilio kile.

Jioni shangazi yetu akatuita kando ya jiko. Akatuuliza kwa upole, "Mwanangu, wimbo ule ulimsikia nani?" Tukanyamaza. Akasema, "Babu yangu alipochukuliwa alikuwa hajabatizwa. Hakuujua wimbo hata mmoja. Na bibi yangu alikaa miaka thelathini hajui kama ni mjane au ni mke wa mtu. Kila mwaka alimwekea mbegu zake kando. Leo wewe umemzika mumewe kwa maneno matano, naye hayupo akuulize kaburi liko wapi."

Ndugu zetu, hatujapata kuonywa hivyo tena. Hatukumtukana mtu, wala hatukumzulia ubaya, tulimzulia wema. Hata hivyo tulimshuhudia uongo. Tulimtwalia mtu kifo chake tukakifanya pambo la hotuba yetu, na mama yule tukamtwalia miaka yake ya kungoja. Tangu siku ile hatuwezi kusoma hadithi ya vita bila kuisikia sauti ya shangazi: wimbo ule ulimsikia nani?

Sasa tuviangalie vita vyenyewe, kisha vitabu viwili vilivyotungwa juu yake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilianza katika nchi yetu mwezi wa Agosti 1914. Havikukoma mpaka tarehe 25 Novemba 1918, jemadari wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika Zambia. Hizo zilikuwa siku 14 baada ya mizinga kunyamaza Ulaya. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi na punda na ng'ombe; basi chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi walioandikwa katika muda wote wa vita wakadiriwa kufika milioni 1, na waliokufa wakadiriwa 100,000 hivi au kupita. Walio wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa baridi ya milimani na kwa chakula kisichotosha. Kwa upande wa Wajerumani waliokufa hawakuhesabiwa vema. Na wale waliobaki nyumbani walinyang'anywa akiba zao. Huko Ugogo njaa ya miaka ile ina jina lake mpaka leo, yaitwa Mtunya. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam ulipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, na maelfu ya watu hununua na kuuza pale kila siku wasijue ya kuwa walitajalo ni jina la jeshi la watu wenye mizigo.

Kitabu cha kwanza kilitungwa na Mwingereza C. S. Forester, kikatolewa mwaka 1935, nacho chaitwa The African Queen. Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1914, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Rose, dada wa mmisionari wa Kiingereza, afiwa na kaka yake. Aondoka pamoja na fundi wa mashine, jina lake Allnut, katika mashua kuukuu, nao washuka mto wenye maporomoko, nia yao waizamishe meli ya Wajerumani iliyo ziwani. Njiani wapendana. Mapenzi yamo, vita vimo, na msomaji husukumwa mbele na swali moja: je, watafika? Mwaka 1951 kisa hiki kilifanywa sinema, na watu wengi duniani waliijua vita ya Afrika Mashariki kwa sinema ile tu.

Meli ile ya hadithi ina mfano wake wa kweli. Meli iitwayo Graf von Götzen iliundwa Papenburg katika Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Hakuna wapenzi wawili walioizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai 1916 walipokuwa wakiiacha Kigoma, nao walikuwa wamezipaka mashine zake mafuta mazito ili zisiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ikawachukua watu wa Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi. Ziko pia mashua mbili za Kiingereza zilizopigana kweli katika ziwa lile, majina yao Mimi na Toutou. Hizo hazikushuka mto wenye maporomoko. Mwaka 1915 zilivutwa nchi kavu katika Kongo, juu ya milima ya Mitumba, kwa mashine za moshi na ng'ombe, na kwa mikono ya mamia ya Waafrika waliokata njia na kujenga madaraja.

Je, Forester alivunja Amri ya Nane alipoyabadili mambo haya? Hatudhani. Aliigeuza meli jina, akabuni na mto wake. Msomaji mwenye akili atambua ya kuwa asimuliwa kisa. Kosa tunaloliona sisi ni jingine. Mwanzoni mwa kitabu Wajerumani wawachukua watu wa kijiji cha misheni, wawe askari na wapagazi. Kijiji chabaki kitupu. Kisha mashua yaondoka, na hadithi yaondoka pamoja nayo, wala hairudi kuuliza watu wale wamekwenda wapi. Twajua chai aliyokunywa Rose, twajua na nguo zake zilivyolowa. Lakini kijiji kizima chapotea kwa kurasa chache, na hakuna amtafutaye hata mmoja. Fumbo kubwa la kitabu kile liko pale mwanzoni, na mtunzi hakuliona kuwa ni fumbo. Sisi tuliliona upesi, kwa sababu baba wa babu yetu ni mmoja wa watu waliochukuliwa namna ile.

Kitabu cha pili ni Afterlives cha Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 2020. Asiyesoma Kiingereza aweza kuanza na Peponi, tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2022 ya riwaya yake nyingine ya mwaka 1994, inayoishia pale askari wa Wajerumani wanapopita wakikusanya watu.

Katika Afterlives yuko kijana Hamza, aliyejiandikisha mwenyewe katika jeshi la Wajerumani, kisha akajuta. Ajeruhiwa vibaya, si na adui bali kwa upanga wa Mjerumani wa jeshi lake mwenyewe, naye atibiwa katika kituo cha misheni, kwa mchungaji wa Kijerumani na mkewe. Vita vikiisha, arudi mji wa pwani akichechemea, asiye na mtu. Huko amwona Afiya, ambaye utotoni alivunjwa mkono kwa sababu alijua kuandika. Mapenzi yao huenda polepole, maana ni watu wawili walioumizwa, wakijifunza kutoogopa. Na fumbo ni hili: Ilyas, kaka yake Afiya, alikwenda vitani upande wa Wajerumani kwa hiari yake, wala hakurudi. Hakuna barua wala kaburi. Afiya aolewa, azaa mtoto, ampa jina la mjomba wake, na swali lile lakaa ndani ya nyumba kama mtu wa nne.

Miaka mingi baadaye mtoto yule, akiwa mtu mzima, afika Ujerumani, na katika makaratasi yaliyohifadhiwa akuta habari. Mjomba wake alifika Ujerumani, akaandamana na watu waliodai makoloni yarudishwe, na mwisho akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Asomaye hayo aweza kudhani mtunzi ametia chumvi. Lakini yuko mtu wa kweli ambaye maisha yake yafanana na hayo. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto alikuwa katika jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mshahara wao wa vita uliokuwa haujalipwa, nao hawakumlipa. Akakaa huko, akafanya kazi ya kuhudumia watu mezani, akaigiza katika sinema, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo mwaka 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo lenye jina lake liliwekwa mbele ya nyumba aliyokaa Berlin.

Sasa mwangalie alivyotenda mtunzi. Hakusema ya kuwa Ilyas ndiye Husen. Alimbuni mtu wake, akampa jina lake na mawazo yake na dada yake. Husen alimwacha na maisha yake mwenyewe, hakumtia kinywani maneno asiyoyasema. Sisi kando ya kaburi la babu tulitenda kinyume chake: tulichukua jina la mtu wa kweli, tukalivika wimbo tuliobuni. Tofauti hii si ndogo. Mtunzi aliyebuni mtu mzima alikuwa mwaminifu kuliko mchungaji aliyebuni wimbo mmoja.

Huenda mtu akasema, "Basi kwa nini tusisome vitabu vya historia peke yake, tukaacha hizi riwaya?" Twamjibu hivi: historia yatuambia ya kuwa walikufa 100,000, nayo yasema kweli. Lakini moyo wa mtu hauwezi kuwalilia watu laki moja. Waweza kumlilia mmoja. Tulisoma hesabu ile tulipokuwa chuoni, tukaiandika katika daftari, tukafaulu mtihani, wala hatukukosa usingizi. Riwaya hutupa mmoja, mwenye jeraha na aibu yake na mchumba wake, ili tujue ya kuwa wale laki moja walikuwa wa namna hiyo. Hii ndiyo faida yake, na binti yule aliipata.

Hata hivyo iko hatari, nayo imo katika kamba zote tatu.

Kamba ya mapenzi yaweza kuvifanya vita vitamu. Viko vitabu ambavyo maelfu hufa ili wawili wakutane kituoni wakiwa wazuri zaidi. Mtu akikifunga kitabu kama hicho hutamani kuwapo katika vita vile. Hiyo ni sumu, hasa kwa vijana, maana hakuna mpagazi aliyetamani kuwapo.

Kamba ya vita yaweza kuwafanya watu kuwa majani ya njiani, kama kijiji kile kilichochukuliwa. Mtunzi hakuwasema kwa ubaya, hakuwasema kabisa. Lakini ikiwa jirani yako ameondolewa mbele ya macho yako, nawe ukasimulia habari za siku ile usimtaje, ushahidi wako una kasoro.

Kamba ya fumbo ndiyo yenye hatari tusiyoifikiri. Kitabu hakina budi kuwa na mwisho, na msomaji hungoja jibu. Mtoto wa Afiya alipata karatasi. Mama yule wa ukoo wetu, aliyeweka mbegu kando kila mwaka, hakupata karatasi. Wala si yeye peke yake. Wake na mama wa maelfu waliingia kaburini na swali lao. Tukizoea mafumbo yanayofumbuliwa, tutaona haya juu ya yetu yasiyofumbuliwa, nasi tutaanza kuyatungia mwisho. Ndivyo tulivyofanya sisi. Hatukutaka kumdanganya mtu. Tulitaka kisa chetu kiwe na mwisho kama visa vingine. Basi riwaya yaweza kutupa mtu wa kumpenda, lakini haiwezi kutupa jibu la msiba wetu wenyewe, wala haifai tuliazime kwake.

Kwa hiyo twawapa waalimu wetu maswali matatu ya kuwafundisha wasomaji, badala ya kuwanyang'anya vitabu.

La kwanza: Je, mtunzi akiri ya kuwa ametunga? Ebrahim Hussein alipoandika mchezo wake Kinjeketile, uliotolewa mwaka 1969, alionya katika maneno yake ya utangulizi ya kuwa Kinjeketile wa mchezo si yule wa historia, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905 mwanzoni mwa vita vya Maji Maji. Huo ni uaminifu wa Nathani. Asomaye ajua atoke wapi na aingie wapi.

La pili: Ni nani ameachwa bila jina? Msomaji ajizoeze kuuliza nani aliyebeba sanduku, nani aliyepika, nani aliyechimba kaburi, na kitabu kimesema nini juu yao.

La tatu: Nimekifunga kitabu, sasa moyo wangu umelala au umeamka? Ikiwa machozi yamekwisha na kitabu, basi tulilia kwa ajili ya kujifurahisha. Ikiwa tumeinuka tukaenda kwa wazee kuwauliza, "Na kwetu ilikuwaje?", machozi yale yamezaa kitu.

Na mwalimu wetu tulimjibu hivi. Tulimwambia amsihi mzee amrudishie binti kitabu chake, wala asimwonye tena kwa kulia. Kisha binti amwendee mzee jioni na daftari, amwombe amwambie aliyoyasikia kwa wazee wake juu ya vita vile, maana mzee amesema aliyasikia, nasi twamwamini. Ukurasa augawe sehemu mbili kwa mstari. Upande mmoja aandike yaliyosikiwa, na nani aliyeyasema. Upande wa pili aandike yasiyojulikana. Upande huo wa pili asiujaze kwa kubuni, hata ukibaki mrefu kuliko wa kwanza. Akitaka kutunga hadithi siku moja, na atunge, tena tutaisoma kwa furaha. Lakini ampe mtu wake jina la kubuni, na daftari la ukoo aliache kama lilivyo.

Mwalimu akatuuliza, "Na mzee akikataa?" Tukamwambia, mzee aliyekasirika kwa ajili ya kweli hatakataa kuulizwa kweli.

Sisi nasi tulifanya hivyo kabla shangazi hajafariki. Tulimwendea na kalamu, tukamsalimu, tukamwomba atusamehe, naye akacheka akatusamehe. Akatuambia aliyoyapata kwa bibi yake, nayo hayakuzidi mistari minne: jina la babu yake, mwezi aliochukuliwa, nguo aliyokuwa amejifunga, na neno alilomwambia mkewe mlangoni, ya kuwa asiuze mbuzi. Hayo ndiyo tunayoyajua. Siku ya maziko ya shangazi tulisimama tena mbele ya ukoo, tukayasoma yale manne, kisha tukasema, "Alikofia hatukujui." Watu hawakulia kama mara ile ya kwanza. Walikaa kimya, kisha mzee mmoja kutoka upande wa pili wa bonde akasimama akasema, "Hata wetu." Akataja jina. Na mwingine akasimama, akataja jina.

Bwana ajuaye mahali walipolala wote awe pamoja nanyi.